Dresingi za saladi: ipi ya kabichi, ipi ya majani, ipi ya kulowekea kuku, kwa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Huku kwetu mboga sio tatizo kabisa. Ukipita Mwanjelwa au Soko Matola asubuhi unakutana na kabichi za Uporoto zimepangwa mpaka barabarani, karoti bado zina udongo, matango, hoho, saladi ya majani imefungwa mafungu mafungu, na upande wa Iringa ukipita Ilula ndo kabisaa, nyanya zenyewe zinakusimamisha. Tatizo linakuja kwenye kile kitu cha kumwagia juu. Nyumba nyingi zinajua njia mbili tu, ndimu na chumvi au mayonezi ya kopo, basi, na hizo mbili zinalazimishwa zifanye kazi kwenye kila saladi hata pale ambapo haziendani kabisa, matokeo yake watoto wanasema saladi mbaya kumbe mboga haina kosa, dresingi ndo haikua yake.

Msimamo wangu ni huu: dresingi unaichagua kwa kuangalia vitu viwili, mboga yenyewe ikoje, laini au ngumu, ina maji mengi au haina, halafu itakaa muda gani kabla haijaliwa. Bei na ladha vinafuata nyuma. Nazilinganisha mbili mbili hapa, zile ambazo vitu vyake vinapatikana huku huku bila kuagiza Dar, na kwenye kabichi nitakaa sana kwa sababu ndo inaliwa na wengi, kwingine napita haraka.

Ndimu na chumvi, au mafuta na siki?

Tuanze na kachumbari maana ndo dresingi ya kwanza kila mtu ameijua hata kama hajawahi kuiita hivyo. Ndimu, chumvi, pilipili kidogo, imeisha. Haina mafuta na hiyo ndo nguvu yake. Ukiwa na kitimoto cha kukaanga au cha kuchoma, mishikaki, pilau lenye nyama ya mafuta, chakula chenyewe kimeshajitosheleza, unachotaka pembeni ni kitu kikali cha kuukata ule utando wa mafuta mdomoni, kwahiyo ukimimina mafuta kwenye kachumbari ya kitimoto umeiharibu tu. Hapo ndimu inashinda, sina mjadala.

Ila kachumbari ina mambo mawili ya kuheshimu. La kwanza vitunguu. Vile vyekundu vya Ruaha Mbuyuni ni vikali kweli, ukikatia moja kwa moja kwenye bakuli vinafunika kila kitu na mpaka jioni bado unavinuka. Katakata vyembamba, nyunyiza chumvi kijiko cha chai, fikicha kwa mkono kama unafua leso mpaka vilainike na maji ya zambarau yatoke, suuza maji ya baridi mara mbili, kamua. Utamu unabaki, ukorofi unaondoka. La pili muda. Chumvi inavuta maji kwenye nyanya na matango, haina huruma, ukichanganya saa nne kwa chakula cha saa saba unakuta supu chini ya bakuli na nyanya zimesinyaa. Kata kila kitu mapema ukipenda, hata asubuhi, lakini chumvi na ndimu weka wakati watu wananawa mikono.

Mafuta na siki sasa, ile ambayo Wafaransa wanaiita vinegreti, hiyo ni kitu kingine kabisa. Kanuni yake ya kizamani ni vipimo 3 vya mafuta kwa kipimo 1 cha siki. Kwa midomo ya huku iliyozoea ndimu naona 2 kwa 1 inapendeza zaidi, ya 3 kwa 1 watu wanaiona imepoa. Kinachoitofautisha na kumwaga tu mafuta juu ya majani ni mpangilio, maana chumvi inayeyuka kwenye siki, kwenye mafuta haiyeyuki. Kwahiyo chukua chupa tupu ya jemu, weka siki vijiko 2 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga, koroga mpaka usisikie punje zinakwaruza chini, ndo umimine mafuta vijiko 4 mpaka 6, funga, tikisa kwa nguvu. Itakua nzito kidogo na ya ukungu ukungu. Ukiiacha dakika chache mafuta yanapanda juu siki inashuka chini, hiyo sio kuharibika, ndo tabia yake, unatikisa tena unaendelea. Ukitaka isijitenge haraka ongeza nusu kijiko cha chai cha haradali ile laini ya kwenye kichupa, inavishika vyote viwili pamoja.

Kazi yake ni saladi ya majani, bitiruti za kuchemsha, matango, maharage machanga, na karoti za kuparuza. Karoti naisisitiza kwa sababu ile rangi ya chungwa ndo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na inahitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri, ukila karoti mbichi na ndimu tupu unapata kidogo sana kati ya kile ulichotafuna. Sio lazima mafuta yawe mengi, vijiko viwili kwenye bakuli la familia vinatosha.

Majani laini yana adabu yake. Watu wanasema siki ndo inanyausha saladi, kumbe mafuta ndo yanaanza, kwa sababu jani lina nta juu, siki inateleza lakini mafuta yanapenya kwenye ile nta na jani linalegea linakua jeusi jeusi. Kwahiyo osha majani, yakaushe kabisa na kitambaa safi maana jani lenye maji dresingi haishiki inateremka yote chini, halafu mwagia dakika ya mwisho kabisa, kidogo, na uchanganye kwa mkono msafi, kijiko kinayaponda.

Mafuta gani? Alizeti iliyochujwa vizuri inatosha kwa kila siku. Ile ya kukamuliwa kwenye mashine za mtaani, ya kwenye galoni, ina harufu yake nzito, kwenye bitiruti na maharage naipenda sana, kwenye majani laini inazidi nguvu. Mafuta ya zeituni matamu ila bei yake mnaijua, na kwa baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba ukiamka asubuhi unaweza kuyakuta yamefanya ukungu au yameganda ganda kwenye chupa, usidhani ni feki, yaweke sehemu yenye jua kidogo yatarudi. Mafuta ya parachichi yana ladha laini na yanakaa vizuri kwenye dresingi, kama umeyapata kwa bei ya kueleweka chukua, ila usiyanunue kwa ajili ya kukaangia chipsi jamani.

Na siki dhidi ya ndimu ndani ya hiyo dresingi: ukali wao unakaribiana, tofauti ni maisha. Ndimu ina harufu nzuri kuliko siki nyeupe yoyote ile lakini harufu hiyo kesho yake haipo, inabaki uchachu tu. Kwahiyo dresingi ya kula leo tengeneza na ndimu, ya kukaa siku kadhaa tengeneza na siki, na ukipata siki ya tufaha ni laini zaidi kuliko ile nyeupe.

Mayonezi au mtindi, huu ndo ugomvi wa kabichi

Saladi ya kabichi na karoti ipo kila shughuli huku, kipaimara, sendofu, mahafali, na karibu zote ni za mayonezi. Mayonezi ni nini hasa? Ni mafuta, mengi, yaliyoshikwa na kiini cha yai na siki au ndimu. Kwenye kiini kuna kitu kinaitwa lesithini, upande wake mmoja unapenda maji upande mwingine unapenda mafuta, ndo maana vitu visivyopatana vinakaa pamoja. Mayonezi kamili theluthi mbili na zaidi ni mafuta, kijiko kimoja tu cha chakula kinakaribia kalori 100. Sio sumu, mi mwenyewe naila, ila mtu ajue anachokula, hasa yule anayesema anakula saladi apungue halafu bakuli lote jeupe.

Ya nyumbani ni tamu kuliko ya kopo, hilo halina ubishi. Kiini 1 cha yai, kijiko cha chai cha haradali, kijiko cha chakula cha ndimu, chumvi, na mafuta ya alizeti yaliyochujwa kama kikombe kisichojaa sana. Vitu vyote viwe na joto la kawaida, na kwa huku hiyo sio maneno matupu, yai lililolala dirishani Tukuyu mwezi wa saba ni kama limetoka friji, lizamishe kwenye maji ya vuguvugu dakika 5 kwanza. Koroga kiini na haradali na ndimu kwa mchapo au uma, halafu anza mafuta, robo ya kwanza tone kwa tone, kweli kweli tone, unakoroga bila kupumzika. Mwanzoni inaonekana kama hamna kinachoendelea, halafu ghafla inabadilika rangi inakua krimu na uma unaacha mfereji nyuma yake ambao haujifungi haraka, hapo ndo unaruhusiwa kumimina uzi mwembamba. Ukiharakisha inakatika, unabaki na mafuta yenye vipande vipande. Usiitupe, weka kiini kingine kwenye bakuli safi na ile iliyokatika uirudishe juu yake kidogo kidogo, inakubali.

Shida ya hii ni yai bichi. Salmonela, kijidudu cha kuharisha na homa, inaweza kuwepo hata kwenye yai lililo zima kabisa kwa nje, kwahiyo mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa msiwape mayonezi ya yai bichi. Ya kopo kwa upande huo ni salama zaidi kwa sababu viwandani wanatumia mayai yaliyopashwa joto la kuua vijidudu na uchachu wake umepimwa. Lakini ukishaifungua na kuichanganya na kabichi, viazi au kuku, hesabu inaanza upya, masaa 2 nje ya friji halafu basi, na chini ya turubai la sherehe jua likiwa kali hata hayo masaa 2 ni mengi. Kuna njia ya katikati kwa wasiotaka yai bichi, chemsha mayai mpaka viini vikauke, ponda viini 2 na kijiko cha haradali na ndimu mpaka viwe laini kabisa, halafu ongeza mafuta na maziwa mgando kidogo kidogo, sio mayonezi halisi ila kwenye viazi hakuna atakayelalamika.

Sasa mtindi. Huku maziwa tunayo, Tukuyu, Njombe, Iringa, kama huna jirani mwenye ng'ombe basi pakiti za Asas zipo madukani, ila angalia usichukue ule wenye sukari na vanila. Kinachowakatisha watu tamaa ni kwamba mtindi wa kunywa ni mwepesi, ukiumwaga kwenye kabichi unapata uji. Dawa yake ni kuuchuja. Tandika kitambaa cheupe safi juu ya chujio, chujio juu ya bakuli, mimina lita 1 ya mtindi, funga ncha za kitambaa uninginize masaa 3 au 4, baridi ya huku inakusaidia, kama kuna joto fanya kwenye friji. Maji ya kijani kijani yanadondoka chini, usimwage, kandia chapati au mkate. Kinachobaki ndani ya kitambaa kinakaa kwenye kijiko bila kuteleza. Chukua vijiko 6 vya huo mtindi mzito, kijiko 1 cha mafuta, ndimu kidogo, chumvi, punje moja ya kitunguu saumu iliyosagwa, kotimiri iliyokatwakatwa, na asali au sukari nusu kijiko cha chai, ni hivyo tu.

Kwenye kabichi mimi nachagua mtindi, na sababu yangu kubwa sio kalori. Kabichi ni ngumu, inahitaji uchachu wa kuilainisha, mtindi unao, mayonezi inaipaka tu kwa juu, ndo maana saladi nyingi za mayonezi unatafuna kabichi mbichi kabisa ndani ya mafuta. Na bei, lita ya mtindi inakupa dresingi ya bakuli kubwa la familia na bado unabaki na ya kuchovya viazi. Lakini yote haya hayana maana kama kabichi haijaandaliwa. Ikate nyembamba sana, nyembamba kama ya kukaanga na zaidi, nyunyiza chumvi kijiko cha chai kwa nusu kichwa, iminye minye kwa mkono, iache dakika 20, halafu ikamue kwa ngumi uone maji yatakayotoka. Hayo maji ndo yale ambayo yangekuja kukuharibia dresingi saa moja baadae. Onja kabla hujaongeza chumvi nyingine.

Mayonezi inashinda wapi? Viazi vya kuchemsha vilivyopoa na mayai, hapo mtindi ni mchachu mno na mwepesi, mayonezi inavikumbatia viazi vizuri. Kwenye mkate wa kubeba pia, ukipaka mayonezi inazuia maji ya nyanya yasiloweshe mkate, mtindi wenyewe ndo utaulowesha. Na kwa wanaoshindwa kuchagua, changanya nusu kwa nusu, unapata uzito wa mayonezi na uchachu wa mtindi. Ile ranchi ya Wamarekani iliyojaa kwenye mashelfu ya supamaketi ni undugu huo huo, maziwa ya kuchacha ya kwao yaliyochanganywa na mayonezi, kitunguu saumu na majani yenye harufu, umaarufu wake ulianzia kwenye shamba la wageni la Steve Henson lililoitwa Hidden Valley, California, miaka ya 1950. Kwahiyo mwenye mtindi na mayonezi nyumbani tayari ana ranchi, anakosa lebo tu.

Parachichi au karanga?

Zote mbili hapa ni za watu wasiotaka mafuta ya chupa, mafuta yanatoka kwenye tunda au punje yenyewe, na zote huku ni vitu vya kwetu.

Parachichi: ponda moja lililoiva na ndimu, chumvi, pilipili, maji kidogo au mtindi mpaka imiminike. Parachichi la aina ya Hass lina mafuta zaidi kwahiyo dresingi inakua nzito na laini, yale makubwa ya kienyeji yenye ganda laini la kijani yana maji zaidi, yanafaa pia ila punguza maji ya kuongeza. Adui yake ni hewa, ikikaa inakua kahawia, ndimu inachelewesha lakini haizuii, kwahiyo hii ni dresingi ya kutengeneza na kula hapo hapo, ukiilaza gandamiza kifuniko cha nailoni juu yake kabisa hewa isipate nafasi. Inapendeza kwenye nyanya, mahindi ya kuchemsha, maharage, kuku wa kuchoma aliyechambuliwa. Kwenye saladi ya majani laini naiona nzito mno, inayabandika.

Karanga yenyewe inataka vitu vilivyopikwa au vigumu. Karanga zilizokaangwa na kusagwa laini vijiko 3, ndimu au ukwaju kijiko 1 na nusu, maji ya moto ya kulainishia, chumvi, tangawizi ya kuparuza, pilipili. Ukiweka maji kidogo itakaza kwanza kama inaharibika, usiogope, ongeza mengine inalegea. Sisi karanga na mnafu tumekula tangu utotoni, sasa hii ni mnafu huo huo au majani ya maboga yaliyochemshwa kidogo, yakakamuliwa, yakamwagiwa karanga yenye uchachu, unakula na ugali na hutaki mchuzi. Kwa figili, kabichi nyekundu, karoti nene, maharage machanga, karanga inaishinda parachichi mbali sana. Onyo mbili, kama kuna mgeni usiyemjua muulize kwanza maana mzio wa karanga ni kitu cha hatari, na karanga zenye ukungu au uchungu tupa, usijaribu kuzificha na pilipili, ule ukungu unaweza kuacha sumu ya aflatoksini na kukaanga hakuiondoi yote.

Asali na haradali napita haraka: vijiko 2 vya mafuta, 1 cha siki, 1 cha haradali, nusu cha asali, nzuri kwenye majani machungu na kwenye kuku. Asali kwenye baridi inaganda punje punje, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, haijachakachuliwa. Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa hata ndani ya dresingi.

Za supamaketi zinanunulika?

Zipo tatu nne utazikuta: ranchi tumeshaiongelea, thauzandi ailandi, siza, na za Kiitaliano za mafuta na siki. Thauzandi ailandi, ambayo jina lake linatokana na visiwa vya mto St. Lawrence mpakani mwa Marekani na Kanada, kimsingi ni mayonezi na tomato sosi na matango ya achari yaliyokatwakatwa, kwahiyo mwenye mayonezi na sosi ya Dabaga kutoka Iringa hapo hapo jikoni anaifikia kwa dakika 2, na ikiwa na pilipili ya Dabaga kidogo naona inaizidi ile ya chupa. Siza ilianza mwaka 1924 kwa Caesar Cardini, Mtaliano aliyekuwa na mgahawa Tijuana, Mexico, na inataka jibini kavu, mkate uliokaushwa na majani yenye ubavu mgumu, bila hivyo vitu usiinunue, juu ya kabichi haina kazi. Ile ya Kiitaliano ni ile ile ya chupa ya jemu, majani makavu tu yameongezwa. Kwa pesa ya kichupa kimoja ukishuka sokoni unarudi na ndimu, vitunguu, matango na kotimiri juu. Mwenye mgahawa mwenye wateja wa haraka namwelewa akinunua chupa, ladha haibadiliki na inakaa muda mrefu, kwa nyumbani sioni sababu.

Kwenye kupikia ndo dresingi inajilipa

Hapa watu wanapoteza nafasi kubwa. Dresingi ya mafuta na siki ni kilowekeo cha nyama tayari, ina chumvi, uchachu na mafuta, ongeza kitunguu saumu tu. Kuku wa kisasa masaa 2 yanatosha, akikaa siku nzima kwenye siki kali nyama ya nje inakua kama unga. Mtindi una uchachu wa taratibu zaidi, kwahiyo kuku wa kienyeji au nyama ngumu ya ng'ombe inaweza kulala kwenye mtindi, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi usiku kucha ndani ya friji na asubuhi iko poa. Kwa kuku wa kuchoma mkaa mtindi ndo chaguo langu, unashika moto vizuri na ngozi inapata madoa ya kahawia. Samaki ni kinyume, mbasa wa Kyela au sato ukimweka kwenye ndimu muda mrefu nyama inageuka nyeupe kabla hajaona moto na akipikwa anakua mkavu, dakika 15 mpaka 20, sio zaidi.

Mayonezi jikoni ina kazi moja ambayo wengi hawaijui, paka utando mwembamba kwenye samaki au kifua cha kuku kabla ya kuweka kwenye wavu, mafuta yake yanazuia kugandia na yai linasaidia rangi. Ya asali ipake dakika za mwisho mwisho tu, sukari yake inaungua haraka na unabaki na nyama nyeusi nje mbichi ndani. Na dresingi iliyolowekea nyama mbichi isirudi mezani kama sosi, gawa mapema, nusu ya kulowekea nusu ya kulia.

Viazi: vichemshe na kijiko cha siki ndani ya maji kama unataka visivurugike, siki inafanya vishike umbo. Na vinegreti imwagwe vikiwa bado vya moto, vinaifyonza mpaka ndani, vikipoa dresingi inabaki juu juu. Mayonezi ndo isubiri vipoe. Maharage ni tofauti, uchachu wowote usiingie kabla hayajaiva, siki, ndimu na hata nyanya zinachelewesha maharage kulainika, utamaliza gesi bure. Yaive kabisa, chuja, yakiwa na moto wa vuguvugu ndo mafuta, siki, kitunguu na hoho viingie, kesho yake ni matamu kuliko leo.

Ipi inakaa muda gani

Mafuta na siki bila kitunguu saumu kibichi wala majani inakaa friji wiki nzima na zaidi bila shida. Ukishaweka kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta mambo yanabadilika, bakteria wa botulizimu, wale wanaotengeneza sumu kali, wanapenda sehemu isiyo na hewa, kwahiyo iwe friji muda wote na iishe ndani ya siku 4, kuiacha kabatini hata kama Mbeya kuna baridi hapana kabisa. Mtindi siku 3 au 4, mayonezi ya yai bichi siku 2 mimi ndo mwisho wangu ingawa wengine wanafika 4, parachichi leo leo, karanga siku 4 ila inakaza, unailegeza na maji ya moto. Wasio na friji wachague ya ndimu au ya mafuta na siki na watengeneze ya kuisha siku hiyo hiyo.

Kama una shughuli ya watu wengi na chakula kitakaa mezani kuanzia saa sita mpaka hotuba ziishe, usiweke mayonezi wala mtindi kwenye kabichi. Weka mafuta, siki, chumvi, sukari kidogo na pilipili manga. Kabichi iliyokamuliwa ikikaa humo masaa 3 haimwagi maji wala haichachi vibaya, inazidi kulainika na inakua tamu zaidi kadri inavyokaa. Mayonezi weka kwenye bakuli dogo pembeni, ipakuliwe kidogo kidogo kutoka kwenye friji au kwenye ndoo ya barafu, anayeitaka ajiwekee, na bakuli likiisha lioshwe ndo lijazwe tena, usiongezee juu ya iliyobaki.